Bomba la Vitasa

Shamsia, rafiki yangu wa Kasulu, alikuwa akichambua maharage, jirani alipomwita kwa kelele: "Mama Kudra, mwanao kafungiwa garini!"

Mume wa Shamsia, Gharibu, alikuwa akitafuta ubovu wa gari kuukuu ambalo vitasa vya milango yote huvutwa na hewa ya bomba moja. Akalichomoa bomba hilo, akavuta hewa kwa mdomo kama mafundi wafanyavyo. Vitasa vikafunguka, Kudra akatoka analia.

Gharibu akalitupa bomba chini. "Kuna mtu anavuta upande wa pili."

"Fundi gani anaogopa bomba?" Shamsia akamcheka.

Jioni akapakua ugali, akahesabu waliokaa mkekani. Watoto wote walikuwapo, na baba yao. Uani vitasa vya gari vikajifunga, ta, ta, ta, ta, kisha ikasikika pumzi ndefu ikivutwa ndani ya bomba.