Mashuka Matano Darasa la Nne

"Hapa hapafai," alisema Eustace.

Alikuwa amepiga goti moja katikati ya ukumbi wa parokia, kiganja kimelala sakafuni. Alikipeleka mbele, akakirudisha, akanusa vidole, kisha akakifuta kwenye suruali yake ya jeshi. Genoveva aliyaona yote hayo. Alisimama karibu na dirisha, kanga kaifunga kiunoni, magoti yamechubuka, akisubiri kusifiwa.

"Hapafai kwa nini?"

Eustace alimtazama. Akatazama mlangoni, walikosimama Padri Anselimu na mzee Teodori, baba yake Genoveva. Akaitazama tena ile sakafu iliyong'aa hata boriti za dari zikaonekana chini.

"Pana giza."

"Giza?" Fabiola, shoga yake Genoveva wa kwaya, alicheka kwa pua. "Ukumbi una madirisha manane, afande. Au macho yamezoea taa za umeme za Morogoro?"

"Pana giza," Eustace alirudia, safari hii taratibu. Akawaita wenzake wanne, wakabeba mifuko yao, wakatoka.

Wiki tatu kabla ya hapo Genoveva alipata barua, imeletwa na utingo wa basi. Eustace aliandika hivi:

"Geno wangu, tumechaguliwa kuruka kutoka ndegeni na miavuli hapo Babati, Jumapili ya sherehe. Ijumaa tutaruka mazoezi, kwa hiyo Jumamosi lazima tuikunje upya. Turubai letu la kukunjia limeoza na jipya halijaletwa. Nitafutie mahali: pana, pasafi, pakavu, pasipo jua. Mwavuli uliokunjwa pabaya haufunguki vizuri. Jumamosi inayofuata wazee wangu watafika kwa baba yako. Unajua wanafuata nini."

Genoveva alizunguka siku tatu. Uwanja wa mpira una mbigiri na umande. Kiwanja cha kupuria nyumbani kwao Sigino, alichokisiriba mwenyewe kwa samadi, kilikuwa laini kama kiganja, ila kuku hawakatazwi. Sakafu ya sokoni ilinuka dagaa. Ukabaki ukumbi wa parokia, na huo aliujua vizuri, maana yeye ndiye aliyekuwa akiufagia pamoja na kanisa.

Sasa, kwa Genoveva, pasafi maana yake panapong'aa. Ndivyo masista walivyomfundisha. Na rangi ya sakafu haikuonekana dukani kwa miaka miwili. Mwaka ule wa themanini na nne hata sabuni uliipata kwa kujuana. Akafanya kama wanawake wengi walivyofanya: akayeyusha vipande vya mishumaa, akachanganya na mafuta ya taa, akasugua kwa tambara la blanketi siku mbili nzima, amepiga magoti. Mafuta yalikuwa ya baba yake, aliyeyapangia foleni kwenye duka la ushirika tangu Jumatatu hadi Jumanne. Mishumaa ilikuwa ya altareni. Hakumwambia baba, hakumwambia padri.

Na baada ya yote hayo, mtu ananusa vidole na kujifuta kama aliyekanyaga uchafu.

"Umeona?" mzee Teodori alimwambia wakiwa njiani. "Amekataa sakafu ya mwanangu mbele ya padri."

"Baba, amesema pana giza."

"Mimi ni mzee, macho yangu mabovu, na pale ningesoma hata gazeti. Huyo ana dharau. Mpelekee habari wazee wake wasihangaike na nauli."

"Baba, tafadhali."

"Nimesema, Genoveva."

Alimwacha pale pale karibu na shule ya msingi, akaenda zake. Genoveva alikaa kwenye jiwe. Hakulia. Alikuwa anafikiria mkono ule, jinsi ulivyofutwa kwenye suruali.

"Shemeji, shikamoo ya kuomba," sauti ilisema nyuma yake. Alikuwa Elimringi, askari mwenzake Eustace, mrefu, mwenye meno mapana. "Huna kipande cha sabuni? Mji mzima nimezunguka."

"Cha nini?"

"Cha afande. Yale mafuta ya taa yamemganda mkononi, na akigusa mwavuli nayo ni hatari."

"Mafuta ya taa yana nini?"

"Shemeji, mafuta na nailoni ni maadui. Yakiingia yanashika vumbi, kitambaa kinagandana, kinachoka. Na ile nta ndiyo kabisa. Ukiwa juu unavuta, mwavuli unakuwa kama chapati iliyokunjwa. Kwetu mtu akionekana na chupa ya mafuta karibu na miavuli analala mahabusu."

Genoveva alisimama.

"Mbona alisema pana giza?"

Elimringi akajikuna shingo. Alishaona kwamba ameropoka.

"Alituambia tukae kimya. Anasema mishumaa hakuna nchi nzima ila kanisani, na padri alikuwa pale mlangoni. Angetaja nta, padri angeuliza imetoka wapi. Sabuni ipo, shemeji?"

"Ipo. Yuko wapi huyo mwenye mkono?"

Alikuwa pale shuleni, ndani ya chumba cha darasa la nne. Madawati yalikwisha kusukumwa ukutani, na Eustace alikuwa amechuchumaa akifagia nyufa za saruji kwa manyoya ya kuku. Alipomwona aliinuka.

"Geno."

"Umenidanganya."

"Elimringi hana breki," alisema Eustace.

"Mwache Elimringi. Umenidanganya mbele ya watu, mimi nikabaki nahesabu madirisha."

"Ningesema nini? Baba yako yule pale, padri yule pale."

"Ungeniita pembeni. Ungeniambia, Genoveva, umepaka sumu. Ningeumia, halafu ningejua. Sasa nimekaa kwenye jiwe nadhani una mwanamke Morogoro."

"Niliyaona magoti yako," Eustace alisema polepole. "Nikashindwa."

"Nikiwa mkeo nitakosea mara ngapi? Nikichanganya dawa ya mtoto, utasema pana giza?"

Eustace aliyaweka chini yale manyoya ya kuku. Nje kengele ya ng'ombe ilipita, ikapotea.

"Hapana," alisema. "Sitarudia."

"Haya. Hapa panafaa?"

"Unataka ukweli?"

"Nimetoka kusema nini sasa hivi?"

"Saruji imechimbika. Ni kama mbuzi ya kukunia nazi. Tukiburuta nailoni hapa tutaichana. Nyasi siwezi, turubai la lori lina grisi, magunia yanaacha nyuzi. Nahitaji kitambaa safi, laini, kirefu hatua kumi na mbili. Nikikosa, nitaruka na mwavuli uliokunjwa hapa hapa. Amri ni amri."

Genoveva alifungua pindo la kanga, akamkabidhi kipande cha sabuni, akageuka, akaondoka bila kuaga.

Kitambaa kilikuwepo. Kilikuwa Sigino, ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda cha baba yake, na ufunguo ulining'inia shingoni kwa baba yake pamoja na rozari. Mashuka matano. Kila moja lilikuwa na kuponi yake, foleni yake na mwaka wake. Marehemu mama yake alimshika mkono akidarizi shuka la kwanza, maua ya waridi na maneno LALA SALAMA. Manne aliyadarizi peke yake. Na kwao, mashuka ya binti, mchumba wake hayaoni mpaka siku ya harusi ifike.

"Baba, naomba ufunguo."

"Wa nini?"

Akamweleza yote: mafuta, mishumaa, kiganja, uongo wa giza. Mzee Teodori alikuwa akichonga mpini wa jembe. Aliendelea kuchonga mpaka akamaliza.

"Mafuta yale nililala kwenye foleni, Genoveva."

"Najua, Baba. Nilitaka pang'ae."

"Na padri?"

"Nitamwambia leo, kabla jua halijazama."

"Na yeye, huyo kijana, alijua akanyamaza? Akakubali mimi nimwone ana dharau?"

"Alinyamaza."

Mzee alipuliza mavumbi ya mti kwenye mpini.

"Mama yako angekataa. Shuka haliondoki ndani kabla ya mahari."

"Baba, kesho akianguka, nitamtandikia nani?"

Hapo mzee Teodori aliuvua ule ufunguo. Na sanduku akalibeba mwenyewe begani, kutoka Sigino mpaka shuleni, bila kupumzika.

Waliyaunga mashuka kwa mishono mirefu, Genoveva na Fabiola, ambaye sasa hakuwa na utani mwingi. Wakayatandika maua yakitazama chini.

"Nyuma kuna mafundo?" Eustace aliuliza.

"Sista alituchapa kwa mafundo. Papasa."

Akapapasa. Mkono ulinuka sabuni.

"Sindano mmetumia ngapi?"

"Mbili."

"Zionyeshe."

Genoveva akainua yake, Fabiola yake. Eustace akazihesabu kama anayehesabu risasi, akaziweka kwenye kofia. Kisha askari wakavua viatu. Mwavuli ulinyooshwa juu ya mashuka, mweupe juu ya weupe, kamba zikatenganishwa moja moja.

"Shika hapa kileleni," alimwambia. "Usivute. Shika tu."

Alishika. Miavuli mitano, saa nne nzima, na mzee Teodori mlangoni akifukuza kuku.

Padri Anselimu alimsikiliza Genoveva jioni ile hadi mwisho.

"Mishumaa mingapi?"

"Vipande kumi na saba, Padri."

"Toba yako ni kuisugua sakafu ile kwa majivu mpaka isinuke. Jana nimeteleza mara mbili."

Jumapili baada ya misa, ndege ilizunguka juu ya uwanja wa mpira. Watu walitoka Singe, Mutuka, kila upande. Genoveva hakusikia bendi wala hotuba. Kitone cha kwanza kikatoka, kikafunguka. Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Cha tano kilianguka, kikaendelea kuanguka, na Fabiola akamshika mkono mpaka kucha zikaingia. Kisha juu ya kile kitone pakachanua duara jeupe, kamili, bila kunyanzi.

"Huyo ndiye," alisema mzee Teodori, kofia mkononi.

Eustace alitua karibu na goli. Alikuwa bado anakusanya kamba mzee alipomfikia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Wazee wako wanakuja lini?"

"Jumamosi, Baba. Kama bado unaruhusu."

"Mashuka umeshayaona. Sasa nitampa nani mwingine?"

Eustace akamtazama Genoveva, aliyesimama hatua chache nyuma, anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Kusema ukweli, Baba, nimeona upande wa nyuma tu. Maua yalikuwa chini."

Mzee Teodori akacheka, kicheko ambacho Genoveva hakuwa amekisikia tangu mama yake afariki.

"Basi maua utayaona kwa utaratibu."

Aliyaona mwezi wa nane. Karamu ilifanyika katika ukumbi ule ule wa parokia, sakafu imeoshwa kwa maji matupu, haing'ai hata kidogo. Na jioni, bibi harusi alifumua ile mishono mirefu mwenyewe, akalitenga shuka la mama yake, akalitandika waridi likiwa juu.