Propela ya Gari la Mkunga

Asubuhi ile fundi alikuwa ameshakunywa chai, amesharudisha kikombe kwa mkewe dirishani, na ameshataniana na fundi viatu wa jirani juu ya timu iliyochapwa mabao manne, ndipo trekta likaingia uani likiburura gari la mkunga.

Alilitambua kabla halijasimama. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Ilikuwa imepita miezi saba tangu gari lile libingirike mlimani na mkunga kufia ndani yake. Miezi yote hiyo fundi alikuwa akiomba, kimoyomoyo, lioze huko huko lilikoangukia.

Kaka wa marehemu, seremala mstaafu asiyejua kupaza sauti, akateremka kwenye trekta na kumpa mkono.

"Habari za kazi, fundi?"

"Njema, mzee. Poleni tena."

"Tumeshapoa. Bodi limenyooshwa, injini inawaka. Kilichobaki ni huku chini, propela na krosi zake. Mkunga mpya anapanda milima kwa miguu, nikaona gari lisimame bure kwa nini, na fundi wake yupo?" Akatabasamu kidogo. "Dada alikuwa akikusifu sana, ujue."

Fundi akainama kama anayetafuta spana. Spana alikuwa nayo mkononi.

Yule fundi walimwita Jicho. Mafundi wengine wakifungua propela, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma, huchora alama kwanza ili wairudishe ilivyokuwa. Yeye hakuchora. "Alama yangu ni jicho langu," alisema, na wateja wakacheka, na jina likamganda. Na kweli, kwa miaka kumi na minane jicho halikumwangusha. Lilimwangusha mara moja tu.

Mkunga alikuwa amemletea gari abadilishe krosi, vile vyuma vya msalaba vinavyoiwezesha propela kujikunja njiani. Fundi akazibadilisha, akafunga, akampa funguo. Kesho yake mama wa watu akarudi.

"Fundi, linatetemeka. Nikikaza mwendo hata meno yananigongana."

Uani palikuwa na wateja sita. Jicho akajifuta mikono polepole.

"Mama, hizo ni barabara zetu. Gari halina homa. Mwenye gari ndiye ana wasiwasi."

Watu wakaangua kicheko. Mkunga hakukasirika. Alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini asimwaibishe: "Mimi kazini kwangu huwaambia wanawake, mficha uchi hazai. Kama umepitiwa mahali, sema tu, turekebishe."

"Sijapitiwa, mama."

Akaondoka. Jioni ile, akinawa, sabuni ikiwa bado viganjani, fundi aliiona propela akilini mwake kama picha. Uma za ncha mbili, zile panda zinazoshika krosi, hazikutazamana. Alikuwa amechomeka vipande vyake viwili vyenye meno vikiwa vimepishana jino moja. Propela ya namna hiyo hucheza, na ikicheza hutafuna krosi, na krosi zikiisha...

Simu ilikuwa mfukoni. Namba ya mkunga alikuwa nayo. Alifikiria wale wateja sita na jinsi walivyocheka. Akachukua taulo, akajifuta mikono, akaenda kula.

Miezi minne baadaye propela ilikatika mlimani, ncha ya mbele ikaanguka, ikachoma ardhi, na gari likapinduka. Mkunga alikuwa akimwahi mzazi. Watu walisema breki. Fundi naye, msibani, alisema breki.

Sasa seremala akaenda kukaa kwa fundi viatu, kwenye benchi, angojee kazi.

Fundi akaliinua gari kwa jeki, akaweka vigogo chini ya ekseli, akaivuta propela ya zamani. Ilikuwa imepinda kama kidole cha mgonjwa. Akachukua bomba jipya, akasafisha uma, akalibana jiliwani, ile koleo kubwa ya mezani, akasukuma krosi mpya taratibu, beringi moja baada ya nyingine, akatia grisi. Safari hii alichora alama. Alichora kwa chokaa nyeupe, mstari mnene, huku na huku. Akahakikisha uma zinatazamana. Akaenda kabatini kuchukua bolti.

Aliporudi, mistari ya chokaa ilikuwa imepishana.

Jino moja.

Akajiambia ameigusa. Akaichomoa, akailinganisha, akairudisha. Akageuka kuchukua kitambaa, si zaidi ya hatua mbili. Nyuma yake chuma kikalia, *tak*, sauti ndogo kama ya kiungo cha mtu anayejinyoosha.

Jino moja tena.

Mara ya tatu hakugeuka. Aliishikilia kwa mikono miwili, akaikumbatia kifuani kama mtoto, akaingia nayo uvunguni kinyumenyume. Akalala chali. Akafunga ncha ya nyuma. Akafunga ncha ya mbele. Bolti nane, zote akazikaza. Mistari ilikuwa sawa. Alihema. Jua la saa sita lilikuwa linawaka uani, na fundi viatu alisikika akigonga soli.

Kisha kugonga kukakoma.

Kukawa kimya. Hata kuku wa mkewe walinyamaza.

Akanusa dawa. Ile dawa kali ya kuoshea vyumba vya kujifungulia.

Akageuza shingo. Kando ya gurudumu la nyuma kulikuwa na miguu miwili. Viatu vya mpira vyeupe. Tope la mlimani, bichi, likichuruzika juu ya sakafu kavu.

"Fundi," ikanong'ona sauti. "Bado linatetemeka."

Alijua anapaswa kusema nini. Alikuwa amelisema neno lile peke yake miezi saba, kitandani, njiani, bafuni. Mdomo ukafunguka.

"Ni... ni barabara, mama."

Ndivyo alivyosema. Hata kwake. Hata wakati ule.

Ile miguu haikusogea. Juu ya uso wake propela ikaanza kuzunguka.

Injini ilikuwa imezimwa. Funguo zilikuwa mfukoni mwake. Ilizunguka polepole, bila sauti. Mzunguko mmoja. Wa pili. Wa tatu ukaidaka mkono wa ovaroli yake.

Akavuta. Kitambaa kikajiviringa. Akavuta tena. Kikajiviringa zaidi. Kiwiko kikapanda. Bega likafuata. Chuma kikamgusa shavu, na kilikuwa baridi, baridi ya kitu kilicholala nje usiku kucha.

"Nisaidieni!"

Haikusimama.

"Mama, nisamehe!"

Haikusimama.

Ovaroli ikamkaba shingo. Giza likamjia machoni. Ndipo ikamtoka, si kwa ujasiri, bali kama matapishi yanavyomtoka mtu:

"Ni mimi! Niliipishanisha! Nilijua! Nilijua jioni ile ile nikanyamaza!"

Propela ikasimama.

Akalala pale akilia, mkono umening'inia juu kama nguo kwenye kamba. Alipoweza kugeuza shingo aliona miguu tena. Safari hii ilikuwa mingi. Ndala za mkewe. Miguu peku ya fundi viatu. Na viatu vya ngozi vya seremala, vimesimama mbele ya wote.

Fundi viatu akaikata ovaroli kwa kisu chake. Wakamtoa. Hakuna aliyeuliza kilichomkamata. Walikuwa wamesikia kile kingine.

"Ulijua," seremala akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Ukaja msibani. Ukabeba jeneza. Ukala nasi."

Mkewe alikuwa akimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba, kisha akajifunga kanga vizuri, akaingia ndani. Fundi angeona heri apigwe. Seremala hakumpiga. Aliokota spana chini, akamrudishia mkononi.

"Maliza kazi," akasema hatimaye. "Mimi nitasimama hapa nikikutazama."

Akamaliza. Seremala alisimama juu yake hadi bolti ya mwisho. Wakalijaribu gari pamoja, hadi kule kwenye mteremko, na likaenda laini. Seremala hakusema asante, na fundi hakuitarajia. Habari zilifika mjini kabla yao. Hakuna aliyemwita tena Jicho.

Wiki ya pili, alfajiri, seremala akaja kwa miguu.

"Njoo utazame kitu," akasema. "Sitaki kumwambia mtu mwingine."

Njia nzima alinong'ona. Gari hajampa bado mkunga mpya; analilaza uani kwake, limefungwa, na funguo analala nazo chini ya mto. Yeye ni mrefu, kiti cha dereva hukisukuma nyuma hadi mwisho. Kila asubuhi anakikuta kimevutwa mbele, karibu kabisa na usukani, kwa kipimo cha mtu mfupi kama dada yake.

Uani boneti lilikuwa limelowa umande. Fundi akaweka kiganja juu ya injini: baridi. Akalala chini, akanyoosha mkono, akaigusa krosi ya nyuma, na akaurudisha haraka. Ilikuwa ya moto, ya moto kama imetoka safari ndefu.

"Vipi?" akauliza seremala.

Neno jepesi lilikuwa tayari ulimini. Akalimeza.

"Ni ya moto, mzee. Na sijui kwa nini."

Seremala akafungua mlango wa dereva. Wakatazama wote wawili. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele, na sponji lake limebonyea katikati. Hawakulishika. Walisimama tu, bega kwa bega, na mbele ya macho yao likaanza kuumuka taratibu, kama linavyoumuka pale mtu anaponyanyuka kushuka.