Kidonge cha Pili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Husna alimpa baba yake kidonge kimoja na chai. Mama yake, Zamda, alikuwa ameshatoka kwenda soko la Feri kununua samaki wa kukaanga, hivyo kazi hiyo ilikuwa ya Husna.

Baba huyo, Mzee Khalfani, alikuwa mpole mpaka siku alipopigwa nondo kichwani, kwenye ugomvi wa wabeba mizigo pale Kariakoo. Damu ilivuja ndani ya ubongo. Alipona, lakini huzuni ilimkaa moyoni na hasira zikawa hazimwishi. Daktari Charmi alimwandikia dawa ya sonona. Pia alimtembelea nyumbani, kwa sababu alikuwa akitafiti kama dawa hiyo ni salama kwa watu waliowahi kuvuja damu ubongoni.

Asubuhi moja chai ilichelewa. Mzee Khalfani alirusha birika ukutani, akamkaba Husna na kumzaba makofi mpaka mdomo ukapasuka. Shuleni Husna alisema ameanguka. Kuanzia kesho yake akawa anampa baba vidonge viwili, kimyakimya, ili atulie. Mtoto wa watu, angefanya nini?

Baba hakutulia. Alivunja kioo, akaupiga mlango ngumi. Kisha damu ikaanza kumtoka puani, ikalowesha shati lote. Mama alimpigia simu daktari, naye akaja mbio.

"Anameza vingapi kwa siku?"

"Kimoja tu, daktari," Mama alijibu.

Husna alimtazama baba yake. Akisema, atapigwa. Akinyamaza, baba anaweza kufa.

"Nilimpa viwili," alisema. "Niliogopa kupigwa."

Mzee Khalfani aliruka, akamkwida gauni, ngumi juu.

"Nipige, baba, lakini usife!"

Ngumi ilishuka taratibu. Mzee akakaa sakafuni, akalia.

Hospitalini walimpima wakakuta ubongo uko salama. Damu ya pua ilikatika, na Mama akakabidhiwa dawa awe anampa yeye.

"Dawa hii ikizidi inaweza kumtoa mtu damu; haizidishwi bila daktari, Husna," Daktari Charmi alisema. "Lakini ungenyamaza, ningeandika kwamba kidonge kimoja ndicho kilichomdhuru, na wagonjwa wengine wangenyimwa dawa inayowafaa. Na ukipigwa, usiseme umeanguka. Mwambie mama, mwambie mwalimu." Akamgeukia baba. "Na wewe, mzee, mtoto anayekuogopa atakuficha hata jambo linaloweza kukuua."

Mzee Khalfani alinyoosha mkono, akagusa mdomo wa binti yake pale palipopasuka.

"Nisamehe, mwanangu."

Husna alijikunyata kwanza, kisha akatulia.