Vikaratasi vya Bibi Fundi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule mimi hufagia chumba cha mbele. Kazi hiyo haionekani kubwa mpaka uifanye. Nyuzi hujizungusha kwenye ufagio, vipande vya vitambaa hujificha chini ya meza ya kukatia, na pini zilizodondoka lazima zitafutwe kwa sumaku, kwa sababu mguu wa mteja ukichomwa, lawama zote ni zangu. Nikimaliza huwa nimeshachoka, na siku ndiyo kwanza inaanza.

Chumba hicho ndiyo karakana ya bibi yangu mzaa mama. Mtaa mzima humwita Bibi Fundi. Mama anashona naye tangu baba alipofariki, na sisi watatu tunalala vyumba vya nyuma. Mjomba, mtoto wa kwanza wa Bibi, anaendesha lori la masafa marefu. Watu wamempachika jina la Breki kwa sababu hawezi kupita mahali bila kusimama kusalimia. Mama mdogo, ambaye ni kitinda mimba, ni muuguzi katika mji mwingine.

Bibi ana desturi moja katika kazi yake. Nguo yoyote ikiingia karakanani, huibania kwa pini kikaratasi chenye jina la mwenyewe, na hajawahi kumpa mteja nguo isiyo yake. Kwa hiyo daktari alipomwambia kwamba shinikizo lake la damu limepanda vibaya, Bibi alirudi nyumbani, akakata vikaratasi, akagawa urithi wake kwa njia aliyoizoea. "Mkubwa" alikuwa mjomba, "Wa Kati" alikuwa mama, na "Mdogo" ni mama mdogo. Alivibana kwa upande wa ndani wateja wasivione: kwenye vifuniko vya mashine, kwenye kitambaa cha kabati, kwenye pazia la karakana kumaanisha chumba chenyewe, hata kwenye kitambaa alichofungia hati ya kiwanja kilichoko nje ya mji. Mama alikataa kabisa kuvitazama. Alisema hana nguvu za kusoma habari za kifo cha mama yake huku akishona sare za watu.

Jumamosi moja niliambiwa nifue mapazia, vifuniko na vitambaa vyote vya karakanani. Wiki nzima tulikuwa na mitihani, maji yalikuwa yamekatika, na ndoo nilizobeba asubuhi ile sina hamu hata ya kuzikumbuka. Nilivitoa vikaratasi, nikavipanga kwenye sahani kwa mfuatano, nikapiga deki, kisha nikawasha feni ili chumba kikauke. Feni ilivipeperusha vyote vikatawanyika sakafuni. Bibi alikuwa hatua kumi tu kutoka nilipokuwa, anapiga pasi, na ningeweza kumwuliza. Lakini angeniuliza akili zangu zilikuwa wapi, na mimi sikutaka swali lolote siku ile, nilitaka kulala. Nguo zilipokauka, nilivibana tena kwa kubahatisha. Nilijiambia kwamba ni makaratasi tu.

Wiki tatu baadaye, mchana, Bibi alianguka karakanani akiwa na futi yake ya kupimia shingoni. Hospitalini walisema ni kiharusi. Hakikuwa kikubwa, lakini kilimpokonya maneno. Alilala kitandani akitutazama, mdomo umeenda upande, na kila alichotaka kusema kilitoka kama mnong'ono usio na maana. Mama mdogo alipewa ruhusa ya siku mbili tu kazini. Mama alikesha, akashona, akakesha tena, hadi macho yakawa mekundu.

Mjomba alifika na kukaa karakanani kusubiri saa ya kuona wagonjwa. Akiwa pale, upepo uligeuza pazia, akaona kikaratasi. Kilisema "Mkubwa", tena kwa mwandiko wa Bibi mwenyewe. Mjomba si mtu mbaya. Miaka ishirini ya usukani imemharibu mgongo, na kwa muda mrefu alikuwa akitafuta mahali pa kufungua duka la vipuri ili aachane na barabara. Alimwambia mama kwa upole kwamba kumbe Bibi alikuwa amemfikiria, na kwamba hakuna haraka, mama ana muda wa kutafuta pengine pa kushonea.

Mama hakubisha. Alikitazama kile kikaratasi, akarudi kwenye cherehani, akakaa mikono ikiwa mapajani. Sijawahi kumwona mama amekaa mbele ya cherehani bila kushona. Siku iliyofuata alianza kuwaambia wateja waje kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijakatwa.

Nilivumilia siku nne. Darasani mwalimu aliniita mara mbili bila mimi kusikia. Siku ya tano nilirudi nikamkuta mama amepiga magoti anafungua skrubu za cherehani ili aihamishe.

"Mama, usiifungue," nilisema. "Vikaratasi nilivichanganya mimi. Feni ilivipeperusha siku ile ya kufua, nikavibana tu."

Aliweka bisibisi chini. "Ulijua kwamba unabahatisha?"

"Nilijua."

"Na hiki cha pazia kilikuwa cha nani?"

Hapo ndipo nilipoona ubaya wa nilichokifanya. Sikukumbuka. Nilimwambia hivyo, na nikalia, na mama hakuninyamazisha.

Jioni alinitaka niyarudie maneno hayo mbele ya mjomba. Nilirudia yote. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Dada, mimi sisemi kwamba mtoto anadanganya," alisema. "Lakini mtoto ni wako, na maneno yake yanakufaa wewe. Nitajuaje?"

Jibu lilikuwa na mtu mmoja tu. Naye alikuwa wodini, hawezi kutamka hata jina lake. Ndugu hao wawili, ambao walikuwa hawajawahi kugombana hata kwa utani, waliacha kupigiana simu.

Maneno ya Bibi yalirudi polepole, kwanza "maji", kisha "nyumbani". Aliporuhusiwa kutoka hospitali nilimweleza kosa langu. Alinitazama sana, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akasema kwamba mke mwenza wake, kama anavyoniita mjukuu wake kwa utani, ameshindwa kazi ya kufua. Kisha akaacha kucheka. Mama mdogo alimsihi kwa simu amwone wakili aandike wosia. Bibi aligoma. Kwake, wakili ni wa matajiri na wa watu wenye kesi, na kuandika wosia ni kukiita kifo kije haraka. Alibadili mawazo pale aliponiuliza mbona siku hizi Breki hasimami kwetu, nami nikamwambia ukweli; alisema sasa hata neno lake la mdomo lingeonekana ni la kufundishwa na mama.

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya pili, na ngazi zile zilimchukua Bibi nusu saa. Wakili mwenyewe, mwanamke wa makamo, alikuwa amechoka kama sisi, mafaili yamejaa hadi sakafuni. Hakumcheka Bibi kwa habari ya vikaratasi. Alisema tu kwamba havina sahihi wala tarehe, hakuna shahidi, na mkono wowote unaweza kuvihamisha. Halafu akasema anataka kuzungumza na Bibi peke yake, ili baadaye mtu asidai kwamba alishinikizwa. Mimi na mama tukakaa nje kwenye benchi.

Nilidhani tutamaliza siku ile. Tulikwenda mara tano. Wakili alipoiangalia hati ya nyumba aliona kwamba bado ina jina la babu, aliyefariki zamani, na Bibi hawezi kurithisha kitu ambacho kwenye karatasi bado si chake. Ilibidi mirathi ya babu ikamilishwe kwanza mahakamani, na watoto wote watatu waweke sahihi ya kukubali nyumba iwe ya Bibi. Mjomba alikuja, akasaini, akaondoka bila kukaa. Kisha ikatakiwa barua ya daktari kuthibitisha kwamba Bibi ana akili timamu. Ikatakiwa orodha ya kila alichonacho, na jina la msimamizi atakayegawa mali. Bibi alimchagua mama mdogo. Mwisho wakatakiwa mashahidi wawili wasiorithi chochote, wamwone Bibi akiweka sahihi. Fundi viatu jirani yetu na mwalimu wangu wa darasa walikubali. Wakili alibaki na wosia halisi, akamkabidhi Bibi nakala, akasema mambo yakibadilika Bibi anaweza kuubadilisha, ila kwa utaratibu ule ule.

Jumapili Bibi aliwaita watoto wake wote. Alisema wakili amemwambia si lazima wajue sasa, lakini yeye amechoka kuficha. Alinipa nakala niisome. Kiwanja cha nje ya mji, kilicho kando ya barabara kuu, ni cha mtoto wa kwanza, ajenge duka lake. Vyumba vya nyuma ni vya mtoto wa mwisho, ila dada yake na mjukuu wasihamishwe humo. Halafu nikafika mahali ambapo Bibi, kwa maelezo ya wakili, alisisitiza sababu iandikwe ingawa haikuhitajika.

"Karakana na mashine zote ni za mtoto wangu wa kati. Macho yangu yaliishiwa nguvu ya kushona miaka sita iliyopita. Tangu hapo yeye ndiye anayeshona kila nguo, na amewaacha wateja waamini kwamba bado nashona mimi."

 Mama alijifunika uso kwa kanga. Mjomba alinyanyuka akaenda kukaa karibu naye.

"Sikujua, dada," alisema. "Nisamehe."

Baadaye, wakubwa walipokuwa wanakula, Bibi aliniita nimsaidie kulala. Nilimwomba msamaha tena. Alisema kosa langu lilikuwa moja na lake lilikuwa kubwa zaidi.

"Wewe ulikosea ukanyamaza kwa sababu ya uchovu. Siku nyingine ukikosea, sema siku hiyo hiyo, maana ukweli uliochelewa hata ndugu hawauamini. Na mimi nilikuwa na neno la kusema, nikalibana kwa pini. Mtu akiwa na mali na watoto, aende kwa wanaojua sheria angali mzima, akaliweke neno lake mahali ambapo upepo haufiki."

Nilimvutia shuka hadi mabegani. Nilidhani amelala, lakini alifumbua macho.

"Ningekufa siku ile niliyoanguka," alisema, "mama yako angeondoka humu akiamini kwamba sikumwona."