Kiti Katikati ya Theluji

Theluji ilianguka siku mbili mfululizo. Siku ya tatu asubuhi, Bi. Bernadine Zielinski alivaa koti zito, akachukua beleshi, akatoka nje. Alichimba kwa saa nzima mpaka gari lake, lililoegeshwa kando ya barabara, likaonekana. Theluji yote aliitupa katikati ya barabara. Halafu aliendesha gari kwenda kununua mkate, na mahali alipokuwa ameegesha aliacha kiti cha jikoni kulinda nafasi yake.

Katika mtaa wa Dellrose, kiti kinaheshimiwa kuliko askari. Aliyechimba ndiye mwenye nafasi. Ukigusa kiti cha mtu, hutasalimiwa mpaka miti ichipue. Mwaka juzi Bi. Bernadine alisahau kuweka kiti. Aliporudi, alikuta gari la Mzee Fusco wa nyumba ya pili limejikalia pale. Tangu siku hiyo aliapa hahami kwa ajili ya mtu yeyote.

Aliporudi na mkate, alitoa kiti, akaegesha palepale. Muda si mrefu lori la jiji likaja, lile lenye bamba pana la chuma mbele la kusukumia theluji. Lilisimama kwenye kona, likasitasita, likarudi nyuma.

"Umeona?" alimwambia mumewe. "Wametuangalia, wakaenda zao! Mitaa ya wakubwa wanaifagia mpaka inang'aa."

Mzee Kazimir alikaa kwenye kochi, miguu imemvimba, pumzi fupi. Figo zake zimechoka. Mara tatu kwa wiki gari la wagonjwa humchukua kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu. Jumatatu dhoruba ilimzuia. Leo ilikuwa Jumatano, na daktari alishawaonya: asikose mara mbili mfululizo. Bi. Bernadine alijua vizuri maana ya maneno hayo. Ndiyo maana simu ilipolia saa nne, aliidaka mara moja.

"Mama, niko hapa konani," alisema Tonya, dereva wa gari la wagonjwa. "Magari madogo yanapenya, langu ni pana, siwezi kuingia. Magari yako pande zote mbili, na katikati kuna vilima vya theluji. Nakusubiri dakika ishirini. Nina wagonjwa wengine."

Bi. Bernadine alitoka mbio bila kofia. Jirani yake Odell Pruitt alikuwa anafagia ngazi zake. Odell huendesha malori ya theluji ya jiji, na alikuwa amehamia Dellrose vuli ile.

"Odell! Wenzako wametutupa! Kazimir wangu atakufa humu ndani!"

"Yuko wapi?"

"Kwenye kochi. Gari liko konani, haliwezi kufika."

Odell alikwenda kubisha mlango wa Mzee Fusco. Mzee Fusco alitoka na sleji ya plastiki ya wajukuu zake, ile ya kuteleza juu ya theluji. Walimfunika Kazimir mablanketi mawili, wakamkalisha, wakaanza kuvuta.

"Polepole, jamani," Kazimir alisema kwa sauti dhaifu. "Mimi siyo gunia la viazi."

"Viazi havilalamiki," alijibu Mzee Fusco huku akihema.

Walimfikisha zikiwa zimebaki dakika mbili. Gari lilipoondoka, Bi. Bernadine alisimama konani akalia waziwazi, wala hakuona aibu.

"Jiji halitupendi," alisema.

"Mama, nisamehe, nitasema ukweli," Odell alisema taratibu. "Mimi mwenyewe ningerudi nyuma. Lile bamba ni pana. Nikilazimisha, nang'oa milango ya magari. Umesoma tangazo kwenye nguzo ya taa?"

"Lile la kila mwaka?"

"Hilohilo. Dhoruba ikitangazwa, magari yote yanakaa upande mmoja. Tarehe witiri, yaani moja, tatu, tano, unaegesha upande wa nyumba zenye namba witiri. Tarehe shufwa, yaani mbili, nne, sita, upande wa pili. Kuhamia upande mwingine ni saa tatu asubuhi. Leo tarehe kumi na nne. Nyumba yako namba ngapi?"

"Arobaini na saba," alisema Bi. Bernadine kwa sauti ndogo.

"Basi leo ulitakiwa kuwa ng'ambo. Na theluji unayochimba, itupe uani kwako. Ukiitupa barabarani, unatujengea ukuta."

"Nikihama nitanyang'anywa nafasi niliyoichimba!"

Odell alitazama kiti kilichoegemea ngazi za Bi. Bernadine. "Nafasi umeilinda vizuri, mama. Mgonjwa wako ndiye hakupata njia."

Maneno hayo yalimchoma. Lakini hakumkasirikia.

Odell alimwambia jambo jingine. "Piga simu ofisi ya jiji. Waambie nyumba yako ina mgonjwa wa kusafishwa damu. Wataandika, na mtaa utaangaliwa mapema."

Siku hiyohiyo alipiga. Kisha alipita mlango hadi mlango, akianzia kwa Mzee Fusco.

"Utaniibia nafasi nikihama?" alimuuliza.

"Bado unanikumbusha ya mwaka juzi, Bernadine?"

"Nitakukumbusha mpaka kaburini. Lakini tuhame wote, tuchimbe wote."

Mzee Fusco alicheka, akaenda kutafuta beleshi. Wengine walinung'unika. Mama mmoja wa nyumba ya mwisho alikataa kabisa, mpaka aliposikia habari za sleji. Ilipofika jioni, upande wa witiri ulikuwa mweupe, hauna gari hata moja.

Wiki mbili baadaye dhoruba nyingine ilikuja. Safari hii saa tatu ilipofika, majirani walitoka na funguo mkononi, wakahamisha magari, wakasaidiana kusukuma yaliyokwama. Lori la jiji lilipita moja kwa moja, bila kusita.

Bi. Bernadine alikuwa dirishani. Aliliona gari la wagonjwa likikata kona, likaja mpaka mbele ya ngazi. Lilikuwa limewahi kwa robo saa. Tonya alipiga honi.

"Kazimir! Wamefika!"

"Waambie wasubiri," mumewe alijibu kutoka jikoni. "Sijamaliza kahawa."