Roketi Iliyopakiwa Kama Mtumbwi

Tangu asubuhi Félicien hakutulia. Alishika randa, akaiacha. Alitoka nje ya karakana yake ya mitumbwi huko Kimanga, akaangalia juu, akarudi ndani. Kesho yake ilikuwa sherehe ya shule, na roketi ya binti yake Noella ilikuwa imeanguka mara tatu.

Ilikuwa chupa ya soda yenye mabawa ya katoni. Noella alitia maji kidogo, akajaza hewa kwa pampu ya baiskeli, roketi ikaruka. Kupanda ilijua. Kushuka ndiko kulikoishinda. Iliinua pua, ikasimama hewani, kisha ikaporomoka. Jana nusura imwangukie mwanafunzi. Mkuu wa shule alisema isiposhuka polepole, hairushwi kwenye sherehe.

"Papa, tuache tu," Noella alisema.

"Tuongeze kipande ingine ya mbao ku mukia," Félicien alijibu. "Mutumbwi tunapakia nyuma, pua iinuke. Miaka makumi mbili miye nafanya hivyo."

Jirani yao Mama Sidonie, mwalimu wa fizikia, alisikia akacheka.

"Papa Noella, hewa haiko maji. Ni weye unaiangusha."

Maneno hayo yalimchoma Félicien. Mbao ya mkiani aliifunga yeye mwenyewe.

"Sasa tufanye je?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Toa ile mbao. Weka udongo ku pua, kidogo kidogo. Kwanza murushe na mukono, chupa ikiwa tupu, pale ku majani. Ikiinua pua, ongeza udongo. Ikipiga pua chini, punguza."

Walijaribu. Mara ya kwanza ilipiga pua chini. Noella akabandua udongo kidogo. Félicien alikimbia kuiokota kila mara, jasho likimtoka. Mara ya saba iliteleza hewani, ikatua majanini kwa tumbo.

Siku ya sherehe watu walisimama mbali, kama Mama Sidonie alivyoagiza. Roketi ilipanda, maji yakaisha, ikalala juu ya mabawa yake. Iliteleza kuvuka uwanja mzima, ikatua taratibu. Machozi yalimlengalenga Félicien, wala hakuyaficha.

"Fundi, uliitengeneza namna gani?" mkuu wa shule alimwuliza.

"Miye nilikuwa naiharibu," Félicien alisema. "Umuulize Noella."