Jina la Nne Kwenye Ikisiri

Je, umewahi kuona miaka mitatu ya jasho la mtu ikikamuliwa mpaka yakabaki maneno mia mbili na hamsini? Dakta Asajile Mwakipesile aliyaona hayo kwa macho yake, asubuhi ya Jumanne moja ya mwaka elfu mbili tisini na tatu, katika kituo cha utafiti wa migomba kilichokuwa kwenye miteremko ya juu ya jiji la Mbeya.

Mashine yenyewe iliitwa Mkamuzi. Ukubwa wake kama sufuria la kupikia harusini, rangi ya maziwa, na juu ina mdomo mpana. Mtafiti alitumbukiza humo kila alichonacho: madaftari ya shambani yenye madoa ya matope, picha za majani, vipimo vya udongo, hata maongezi aliyorekodi akitembea. Mkamuzi alimeza, akaguna kidogo kama mtu aliyeshiba, halafu kwenye kioo chake cha mbele likatoka andiko moja fupi, lile wasomi wanaloliita ikisiri. Ikisiri ndiyo iliyotumwa kwa wenye kongamano, nao wakiisoma ndipo waamue kama mtu aitwe au abaki kwao. Zamani watafiti walihangaika wiki nzima wakikata neno hapa, wakibana sentensi pale. Sasa ilikuwa kazi ya kikombe kimoja cha chai.

Wala hakuishia hapo. Kutokana na ikisiri, Mkamuzi alitengeneza slaidi za hewani, picha zinazosimama juu ya vichwa vya watu, mgomba ukauona unachanua mpaka ukatamani kuushika. Na siku ya kongamano alitoa sauti-pacha, yaani sauti ya mtafiti yule yule, na kikohozi chake, ikaeleza kila kitu na kujibu maswali, mwenyewe amesimama tu amekunja mikono.

Pembeni mwa kioo palikuwa na mshale mdogo. Huo ulipima uwezekano wa ikisiri kukubaliwa, na ndio uliomponza Asajile.

Kanuni ya kongamano ilisema majina yasizidi manne. La kwanza aliandika lake. La pili la mkurugenzi wake. La tatu la kijana aliyepima udongo. La nne akaandika: Tupokigwe Mwaisumo. Mshale ukashuka kutoka tisini na moja mpaka sabini na nne, na Mkamuzi akasema kwa upole, "Jina la nne halina shahada. Napendekeza lingine." Akaleta jina la profesa mmoja wa ng'ambo, ambaye aliwahi kupita kituoni siku moja tu, akanywa chai, akasifu hali ya hewa. Mshale ukapanda mpaka tisini na tano.

Sasa huyu Bi Tupokigwe alikuwa nani? Alikuwa fundi wa maabara, mwenye elimu ya darasa la saba, aliyeosha vyombo na kutunza miche ya kituo kile kwa miaka thelathini na moja. Mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu. Ni yeye aliyeona miche iliyougua mnyauko, ikiwa imerundikwa nyuma ya maabara ingoje kuchomwa, inachipua upya. Wengine walipita pale wakiwahi chakula. Yeye alichuchumaa akahesabu majani, kesho yake akahesabu tena, mpaka akagundua kwamba inayochipua ni ile tu iliyomwagiwa maji ya jivu la maganda ya ndizi, aliyokuwa akiyachuja kwenye chungu kilichotobolewa ili asugulie vyombo. Akaenda kumwita Dakta. Utafiti wote ukaanzia hapo.

Asubuhi ile, mshale ukiwa tisini na tano, Bi Tupokigwe aliingia na trei ya mirija ya vioo.

"Mama," Asajile alisema bila kugeuka sana, "naandika ikisiri ya kongamano. Nikuweke jina?"

Bi Tupokigwe alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja. "Mimi tena, Dakta? Jina langu likafanye nini kule kwa wasomi?"

"Haya, mama," alijibu Asajile. Akabonyeza *Naridhia*. Andiko likatiwa muhuri, likaenda.

Ngoja nieleze hapo, maana ndipo penyewe. Katika nyumba za miteremko ile mgeni hakubali mara ya kwanza. Ukimkaribisha ndizi zinazotoka moshi atakwambia ameshiba, hata kama tumbo linalia. Unamvutia kigoda, unamkaribisha tena. Anasema asikusumbue. Unamkaribisha mara ya tatu, ndipo ananyoosha mikono anawishwe. Mwenye nyumba anayeuliza mara moja akafunika sufuria ana jina lake, na si jina zuri. Asajile alikulia humo. Bibi yake alimfundisha kushika birika la maji kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo alijua. Aliuliza mara moja kwa sababu alijua.

Ikisiri ilikubaliwa. Wiki tatu baadaye kongamano likafanyika pale pale jijini, katika ukumbi wenye paa la kioo, na watu wote wa kituo wakapewa viti. Bi Tupokigwe alikuja na kitenge kipya cha kijani, mkono umetiwa marinda, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Alikaa safu ya tatu. Mezani kila mtu alikuta kitabu cha ikisiri.

Kutoka jukwaani Asajile alimwona akivaa miwani, akilowesha kidole kwa ulimi, akifungua. Akaufikia ukurasa wao. Kidole kikashuka taratibu kwenye majina: la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kikasimama. Kikarudi juu, kikashuka tena, polepole zaidi, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Halafu akafunga kitabu, akavua miwani, akaifuta vizuri kwa pindo la kitenge, ingawa haikuwa na vumbi.

Asajile alitamani sakafu ile ya kung'aa ipasuke immeze na viatu vyake vipya.

Sauti-pacha ilikuwa imeshaanza. Migomba ya hewani ikanyauka na kufufuka juu ya vichwa, watu wakaguna kwa kupendezwa. Kisha mama mmoja mtafiti kutoka Bukoba akasimama. "Daktari, hongera sana. Mimi nauliza dogo tu. Wazo la maji ya jivu ulilipata wapi?"

Mkamuzi hakuwa na jina la kujibia. Lililokuwapo lilishakamuliwa. Basi akajaza pengo kama alivyoundwa kulijaza. "Asubuhi moja," ilisema sauti ya Asajile, tulivu, yenye kicheko kidogo ndani yake, "nilikuwa ofisini nikitafakari kemia ya majivu, na wazo likanijia. Nikayaacha maji ya jivu yakae siku nne, nikajaribu."

Katika kiganja cha Asajile kulikuwa na kitufe cha kuinyamazisha sauti ile. Kidole gumba kilikuwa juu yake. Kulikuwa na nafasi, nayo haikuwa fupi. Alimtazama Bi Tupokigwe, naye alikuwa anatazama mapaja yake. Kidole hakikubonyeza. Ukumbi ukapiga makofi, na Asajile akainamisha kichwa. Watu wakadhani ni unyenyekevu.

Wakati wa chai alimkuta pembeni, amesimama peke yake na andazi kwenye kitambaa cha karatasi.

"Hongera, Dakta," alisema Bi Tupokigwe. "Umeongea vizuri."

"Sikuongea mimi, mama."

"Nimeona. Mdomo umeufunga kabisa, nikasema labda jino linamuuma."

Asajile alimsogelea. "Mama, jina lako nimelitoa mimi. Usiambiwe ni mashine. Mashine ilipendekeza, mkono uliobonyeza ni huu."

"Ai, si uliniuliza? Nikakataa mwenyewe."

Kwa maneno hayo alimfungulia mlango wa kutokea, na mlango ulikuwa mpana. Asajile angesema *ndiyo, ulikataa*, wakanywa chai, yakaisha.

"Nilikuuliza mara moja," alisema.

Bi Tupokigwe alikata kipande cha andazi, hakukila.

"Kitabu kimetiwa muhuri, hakifunguliwi tena," Asajile aliendelea. "Lakini baada ya chai kuna kipindi cha masahihisho. Dakika tano, bila mashine. Nataka niseme ukweli wote mbele yao. Unaniruhusu nikutaje?"

"Achana nayo, mwanangu. Yamekwisha hayo."

"Mama, nakuomba."

"Watakucheka. Uprofesa wako wanaujadili mwezi ujao, wewe unataka kujiaibisha kwa ajili ya mwosha vyombo?" Alisema kwa utani, lakini macho hayakuwamo kwenye utani ule.

Asajile alivuta kiti, akamwekea. Yeye akabaki amesimama, mikono mbele, kama alivyosimama zamani na birika mbele ya wageni wa bibi yake. Watu walipita na vikombe vyao, wakampongeza begani, hakugeuka.

"Mara ya tatu, mama," alisema. "Siulizi tena kuhusu mimi. Wewe ulitaka nini?"

Bi Tupokigwe alikaa. Aliliweka andazi mezani, akalikunja karatasi lake mara mbili, mara nne, likawa dogo kama kidonge. Alipoinua uso, haukuwa uso wa fundi anayengoja kutumwa.

"Tena umewadanganya," alisema. "Si siku nne. Ni mpaka povu likatike lenyewe, na wakati wa baridi huchukua hata saba. Wakimwagia ya siku nne mwezi wa sita wataunguza miche ya watu."

"Ndiyo, mama."

"Wewe hujui harufu yake yakiwa tayari. Nani atawaambia harufu?"

Asajile aligeuza macho kuelekea jukwaani.

"Sitaki unitaje," alisema Bi Tupokigwe, na sauti yake sasa ilisikika mpaka meza ya pili. "Kutajwa watu hutajwa hata msibani. Nilitaka kusimama pale mbele mimi mwenyewe, niwaeleze. Toka siku ile ya kwanza nilitaka hivyo."